Kichujio cha mtandao hakimwondolei mwenye biashara wajibu wake

Steshenari, nyumba za wageni na ofisi ndogo za Nyamagana na Ilemela, mkoani Mwanza, huendesha shughuli zao kwa intaneti, lakini si rahisi kwao kuajiri mtaalamu wa TEHAMA. Kwao, huduma ya kuchuja majina ya vikoa, DNS, ni kinga nafuu. Fundi akiielekeza ruta kwa huduma kama Quad9, iliyoanza mwaka 2017 na isiyotozwa malipo, tovuti inayofahamika kuwa ya kitapeli haipatiwi anwani, hivyo ukurasa wa kuiba nywila haufunguki.

Hata hivyo, kinga hiyo ina mipaka. Haizuii ujumbe wa kitapeli wa simu, ambao TCRA huwataka wananchi kuutolea taarifa kupitia namba 15040. Wala hailindi simu inayotumia bando lake yenyewe.

Aidha, mtoa huduma ya kuchuja anaweza kuona majina ya tovuti zinazotafutwa na wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi fundi kazi hiyo, mwenye biashara aulize kumbukumbu zipi zitahifadhiwa, wapi na kwa muda gani.