Tujue Kwanza Njia Ilikokatika

Intaneti inapogoma nyumbani, wengi wetu hukimbilia kununua kifaa kipya. Fedha ya ada ya mtoto hupotea, na tatizo hubaki pale pale. Yafaa kwanza kujua njia imekatika wapi.

Ujumbe utokao katika kompyuta yako hupitia vituo vingi viitwavyo ruta. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Van Jacobson alitunga programu ya kuvifuatilia. Programu hiyo hutuma ujumbe wenye ruhusa ya kufika kituo cha kwanza tu. Hapo ruhusa huisha, na kituo hurudisha taarifa. Ujumbe unaofuata hupewa ruhusa ya vituo viwili, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safari. Katika kompyuta za Windows, fungua dirisha la amri, andika tracert, kisha jina la tovuti.

Yasome majibu kwa utulivu. Kituo cha kwanza kwa kawaida ni ruta yako. Nyota ni kituo kisichojibu. Ikiwa vya mbele yake vinajibu, usihangaike. Ikiwa ruta yako yajibu na vyote vinavyofuata ni kimya, na tovuti hazifunguki, mpigie simu anayekuuzia huduma. Pima siku ya neema pia, upate cha kulinganisha.

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikataabika. Siku ile kifaa kipya kisingemfaa mtu.