Miaka 120 ya Msitu Uliopandwa kwa Ajili ya Kuni

Mtalii anayetua Nairobi hukuta ratiba imeshajaa. Alfajiri atapelekwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi akapige picha simba mwenye maghorofa mgongoni, mchana atalisha twiga kule Lang'ata, na kesho yake yuko njiani kwenda Maasai Mara. Kilomita tatu hivi kutoka katikati ya jiji, jirani na Ikulu, ipo Nairobi Arboretum, na hatafika. Hatumlaumu. Akimuuliza dereva mle mna nini, ataambiwa mna miti.

Mwaka 2027 miti hiyo itafikisha miaka 120, umri ambao si majengo mengi ya Nairobi yanaweza kujivunia, na jiji lenyewe limeizidi kidogo tu. Reli ilifika hapa mwaka 1899, ikafika Kisumu 1901, na injini za gari moshi zilikula kuni bila kushiba. Serikali ya kikoloni ikaingiwa na hofu kwamba misitu ya asili itakwisha. Ndipo mwaka 1907 afisa wa misitu, Battiscombe, alipoanza kupanda miti ya kigeni mahali hapa ili aone ipi itakomaa upesi, ikatwe, ichomwe. Yaani mababu wa kivuli tunachokifurahia leo waliletwa kama watahiniwa wa tanuri! Mikalitusi ya Australia ndiyo iliyoipendeza reli, ikasambaa nchini. Baadaye injini zilihamia mafuta, na miti ya majaribio ikabaki imesimama, haina tena kazi. Tangu 1932 eneo hilo ni msitu wa hifadhi kisheria. Leo ni hekta 30 hivi, zenye zaidi ya aina 300 za miti, ya kigeni na ya asili ya nchi yetu, chini ya usimamizi wa Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS).

Tunaiandikia tahariri kwa sababu ya kile ambacho watu wa Nairobi wamekifanyia kimyakimya msitu huo usio na kazi. Nenda siku ya kazi, saa nne asubuhi. Utamkuta mtu ametembea peke yake hadi chini ya mti mmoja, amefumba macho, anaomba kwa sauti, mikono inapaa na kushuka, na hakuna anayegeuka kumtazama. Hatua chache mbele mwanafunzi analala juu ya daftari lake. Wakimbiaji wanazunguka njia za udongo, kima wanavizia mfuko wa mkate wa mama aliyekuja na wenzake wa chama, na bwana harusi aliyebanwa na koti anaelekezwa na mpiga picha acheke tena, safari hii kama anamaanisha. Jiji hili lina nyumba nyingi ambamo ukuta mmoja unatenganisha familia mbili. Mtu wa nyumba hizo anayetaka kulia, kuposa au kukaa tu bila kuulizwa ataagiza nini, ataenda wapi kwingine?

Jibu la swali hilo lingekuwa jembamba zaidi kama kila aliyetamani ardhi angepewa. Mwaka 1989 ilibidi mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai asimame dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kuchipuka ndani ya Uhuru Park. Mwaka 1999 akashambuliwa akiutetea msitu wa Karura. Arboretum nayo haijahifadhiwa na karatasi ya 1932 pekee. Tangu miaka ya 1990 raia waliojiita Marafiki wa Arboretum wameisaidia kwa kazi zisizo na shangwe, na tunawapongeza wao kabla ya waziri yeyote atakayekuja kukata utepe.

Sasa tuseme la mto. Kirichwa Kubwa hupenya katikati ya miti na Mto Nairobi hupita pembeni. Katika picha, kingo za mito hiyo zinapendeza. Ukisogea, pua inakupa habari nyingine, kwa kuwa uchafu wa mitaa ya juu haujui kwamba umeingia hifadhini. Hapo walinzi wa msitu hawana la kufanya. Mabomba yenye kasoro yako nje ya ua wao. Serikali ya Kaunti na mamlaka ya mazingira zikitaka kutoa zawadi ya yubile, zianzie huko juu, bomba kwa bomba. Majukwaa ya saruji, taa za rangi na mnara wa kumbukumbu wabaki nazo. Afadhali fedha za mapambo hayo zinunue vibao vipya vya majina ya miti, kwa Kiswahili pia, na zilipe watu wa kung'oa magugu.

Kuhusu kampeni ya kuwavutia watalii, ingoje kwanza. Jumapili alasiri wenyeji wenyewe hawapati kivuli cha kutandika leso.