Mficha uchi hazai: tuongee na vijana wetu kabla ya arusi



Leo tuongee bila kificho juu ya jambo ambalo wengi wetu hapa Uingereza tunalikwepa: afya ya uzazi na mapenzi ya vijana wetu wa miaka 18 hadi 25. Hawa si watoto tena. Wako chuo kikuu, wamepanga vyumba vyao, wengine wameshaanza kazi. Lakini ukiuliza ni nani anayewafunza, kila mtu anamtazama mwenzake.

Katika sekondari za England somo la mahusiano na ngono limekuwa la lazima tangu Septemba 2020. Mzazi anaweza kuomba mwanawe asihudhurie sehemu ya ngono mpaka akaribie miaka 16, na wapo wenzetu wanaofanya hivyo. Ni haki yao. Ila ukishamtoa darasani, wewe nyumbani unamfunza nini? Kwetu walikuwepo bibi, shangazi, somo na kungwi. Hapa bibi yuko Tanga au Mombasa, baba na mama wako kwenye boksi usiku na mchana, na kungwi anatafutwa wiki ya arusi. Kwa kijana wa leo, huko ni kuchelewa mno.

Watafiti nao inabidi wafikiri upya. Kwa muda mrefu kazi kubwa imekuwa kuhesabu: wangapi wana VVU, wangapi wana kisonono, wangapi wamepata mimba. Hesabu ni muhimu, lakini haimwambii kijana aishi vipi na mwenzake. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uitwao Natsal, ulioanza mwaka 1990, ulipofanywa tena mwaka 2010 hadi 2012 uliuliza zaidi ya hapo. Kati ya vijana wa miaka 17 hadi 24 waliokwisha kujamiiana, karibu wanawake 4 kati ya 10, na zaidi ya mwanaume 1 kati ya 4, walisema mara yao ya kwanza haikuwa wakati unaofaa. Karibu mwanamke 1 kati ya 5 alisema yeye na mwenzake hawakuwa na utashi sawa. Hapo hakuna kijidudu cha kupima, lakini kuna watu walioumia. Kondomu haimfunzi mtu kusema "sitaki", wala kumsikia mwenzake anaposema hivyo.

Na sisi je? Mwishoni mwa miaka ya 1990 utafiti wa Mayisha jijini London uliwafikia wahamiaji kutoka Kongo, Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe. Ilikuwa hatua nzuri, lakini wale ndio wazazi wa leo. Watoto waliozaliwa au kukulia hapa wana maisha mengine, na kwenye fomu mtoto wa Bujumbura na wa Lamu wote wanaandikwa "Mwafrika Mweusi", basi. Waulizwe wao wenyewe, na wakiulizwa tusiwazuie kujibu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na hilo ni kwa watafiti na kwa wazazi pia.

Wakati tunasubiri hayo, kila kijana ajue mambo haya:

- Klamidia mara nyingi haina dalili yoyote, hasa kwa wanawake. Isipotibiwa inaweza kuharibu mirija ya uzazi. Ikigundulika mapema, inatibika kwa vidonge vya antibayotiki.
- Katika kliniki za afya ya ngono za England, kupima na kutibiwa magonjwa ya zinaa ni bure kwa kila mtu, awe na viza au hana. Matibabu ya VVU yamekuwa bure kwa wote tangu Oktoba 2012.
- Kliniki hizo hutunza siri. Hazimpigii simu mama, na huhitaji barua ya daktari wako ili kwenda. Sehemu nyingi pia hutuma vifaa vya kujipima nyumbani kwa posta.

Wapo watakaosema kumfunza kijana ni kumpa ruhusa ya zinaa. Sikubaliani nao. Kungwi hakuwa akifunza uhuni. Alifunza usafi, heshima na namna ya kuishi na mwenzako. Imani ya nyumba yako ifunze pia, lakini ujinga usiuite heshima.

Jumuiya zetu hukodi kumbi kwa Iddi, kwa Desemba 9 na Desemba 12. Nusu saa tu ya kumwalika muuguzi anayejua Kiswahili, wasichana chumba kimoja na wavulana kingine kama tunaona haya, inatosha kuanzia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa klamidia, methali hiyo ni kweli tupu.