Ng'ombe Hali Sima

Juzi kwenye mkutano wa wafugaji hapa Kombani, mgeni rasmi alishika kipaza sauti akatangaza: "Nyasi ni za kumshibisha ng'ombe tu, maziwa yako kwenye unga." Makofi yakapigwa. Wengine walitoka pale moja kwa moja hadi dukani kubeba magunia. Mimi nilibaki kitini nikisaga meno.

Imani hii imetapakaa kuanzia Tiwi hadi Msambweni: mwaga pumba na mahindi ya kuparaza horini, ndoo ijae. Na siku za mwanzo inajaa kweli, ndiyo maana uongo huu haufi.

Ng'ombe si kuku. Lile tumbo lake la kwanza, linalobeba zaidi ya lita 100, ni makao ya vijidudu vinavyochachusha nyasi. Asidi ikizidi humo, vijidudu hivyo hufa. Kinachoizuia isizidi ni mate. Ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, nayo yana magadi ya kuzima asidi. Lakini huyatoa hasa anapotafuna na kucheua, na hawezi kucheua sawasawa bila kula kitu kirefu chenye nyuzi. Unga hautafunwi, unamezwa. Mate hayaji. Wanga nao unachachuka upesi, asidi inapanda, na kuta za tumbo zinababuka. Mate, jamani! Mgeni rasmi alizungumza saa nzima na hakuyataja hata mara moja.

Yanayofuata mmeyaona, ila mmeyapa majina mengine. Leo ng'ombe anasusa, kesho anakula. Mavi yanakuwa majimaji yenye povu na chembe za mahindi, nanyi mnakimbilia dawa ya minyoo. Miezi inapita, anaanza kuchechemea kwa sababu kwato zimeharibika, mnasema kakanyaga jiwe. Ini linaota majipu na hakuna anayelijua hilo mpaka siku ya kuchinjwa. Na yule anayekata kamba usiku akajilia gunia la mahindi peke yake, mara nyingi hamalizi siku mbili. Hapo huwa ni jicho la jirani.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye ng'ombe wawili, alifukuzwa na mwenye hoteli ya chai aliyekuwa akimuuzia maziwa. Kosa lake? Eti ametia maji, maana chai haikolei. Wakapima kwa laktomita: maji hakuna. Bila shaka hakuna! Ng'ombe aliyejazwa unga akanyimwa nyasi hutoa maziwa yenye mafuta kidogo, na laktomita haikamati upungufu huo, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Mama wa watu akaitwa mwizi kwa kosa la debe la pumba.

Sasa wapo mabingwa waliotazama video wakaniambia, "Mbona Uholanzi ng'ombe wanakula nafaka?" Wanakula, ndiyo, kwa mizani, zikiwa zimechanganywa na majani yaliyokatwakatwa, na bado wapo wafugaji huko wanaoongeza magadi kwenye chakula na bado maradhi haya yanawasumbua. Wewe una kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono. Mwingine akanijia na hoja nzito zaidi: "Lakini ng'ombe wangu anaupenda unga." Mjomba wangu naye anaupenda mnazi, na hatujamfunga chini ya mgema.

Tena huku kwetu kuna joto. Ng'ombe wa gredi akihema mchana wa Februari, mate yanamdondoka sakafuni badala ya kuingia tumboni, na nyasi zenyewe anazila shingo upande. Mtu anachukua ushauri ulioandikwa kwa baridi ya Nyandarua anauleta Matuga mzimamzima, kisha anashangaa.

Na ni mahindi gani hayo tunayowapa? Yaliyoota kuvu, yale ambayo mama amekataa kuyasaga kwa sima ya watoto. Mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 upande wa Makueni na Kitui. Ng'ombe akiila, sehemu ya sumu hiyo hutokea kwenye maziwa, nasi tunawanywesha watoto wale wale.

Sisemi unga ni haramu. Ng'ombe aliyeshiba majani kwanza, mpe kipimo chake wakati wa kukamua, na ukitaka kuongeza, ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Lakini hori lianze na nepia, lusina, glirisidia, na nyasi za chini ya minazi ambazo msimu wa mvua zinatufika kiunoni tukizilalamikia kuwa zinaficha nyoka. Hizo hazina mgeni rasmi wa kuzisifu kwa sababu haziuzwi kwa gunia.

Mwezi wa nane mahindi yakishavunwa, piteni shambani mkaone: mabua yanarundikwa, yanatiwa kiberiti, moshi unafika barabara ya Kwale. Wiki inayofuata aliyeyachoma yuko dukani anaomba unga wa ng'ombe kwa mkopo.