Kocha au mwalimu? Mjadala wa jina unaomgusa mtoto asiyepangwa kwenye timu

Ukisikia wasomi wa michezo wanajadili jina la kikundi chao, jibu la haraka ni moja: hawana kazi nyingine? Mpira unachezwa uwanjani, hauchezwi kwenye katiba.

Subiri kidogo. Jina la kikundi cha wataalamu ndilo linalomwambia mtu, akiwa bado mlangoni, kama humo ndani kuna nafasi yake. Na safari hii waliosimama mlangoni ni wawili: mwalimu wa michezo shuleni na kocha wa klabu.

Kikundi chenyewe kinajulikana kwa herufi nne, TGfU. Ni kifupi cha Teaching Games for Understanding, yaani kufundisha michezo kwa kuelewa. Kipo ndani ya AIESEP, chama cha kimataifa cha wasomi wa elimu ya michezo kilichoanzishwa 1962. Hoja inayozunguka ni hii: je, jina hilo bado linawatosha waliomo, au wakati umefika wa kutafuta jina pana linalowachukua walimu na makocha pamoja?

Jina lilitoka wapi?

Mwaka 1982, David Bunker na Rod Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliandika makala fupi iliyotikisa vipindi vya michezo. Walikuwa wamechoka kuona jambo lile lile kila siku: watoto wamepanga mstari, wanapiga pasi kwenye koni, wanasubiri zamu. Zikibaki dakika tano ndipo wanaambiwa, "Haya, chezeni."

Wao wakageuza mambo. Anza na mchezo wenyewe, wakasema, lakini uupunguze ulingane na mtoto. Uwanja mdogo, wachezaji watatu kwa watatu, sheria chache. Kisha mwulize: "Una mpira, mwenzako amekabwa, unafanyaje?" Akishaona tatizo, hapo ndipo ufundi wa pasi unakuwa na maana kwake. Anaelewa kwanza kwa nini, halafu anajifunza namna gani.

Wakaligawa pia rundo la michezo katika makundi manne: ya kulenga shabaha, ya kupiga na kudaka kama kriketi, ya wavu au ukuta kama voliboli, na ya kuvamia eneo la mpinzani kama soka na netiboli. Ukielewa namna ya kutafuta nafasi wazi kwenye netiboli, unabeba uelewa huo hadi kwenye mpira wa kikapu.

Kwa nini libadilike?

Wanaotaka jina jipya wana hoja, tena nzito.

Kwanza, familia imekua. Australia, Thorpe alipofanya kazi na makocha miaka ya 1990, mbinu hii ilipewa jina la Game Sense. Marekani ikaja Tactical Games mwaka 1997. Alan Launder akaleta Play Practice mwaka 2001. Zote zinaanzia kwenye mchezo, ila kila moja ina jina lake na watu wake. Ukikiita kikundi kizima kwa jina la mmoja wa ndugu, wengine wanabaki kama wageni kwenye nyumba ya familia. Ndiyo maana watafiti wengi siku hizi wanatumia jina la jumla, mbinu zinazojengwa juu ya mchezo.

Pili, jina la sasa linaanza na neno "kufundisha". Kwa Kiingereza, neno hilo linanusa darasa, chaki na kengele. Kocha wa klabu akiliona anapita zake. Yeye anajiita kocha, chombo chake ni klabu, leseni yake inatoka kwenye shirikisho.

Tatu, herufi hizo nne hazimwambii mgeni chochote. Mpaka umweleze.

Basi libadilishwe?

Hapa ndipo ninapoomba breki kidogo.

Rudi kwenye makala ya 1982. Bunker na Thorpe walitaja kasoro walizoziona kwenye ufundishaji wa wakati ule. Ya kwanza ilikuwa kwamba watoto wengi hawapati mafanikio yoyote, kwa sababu mkazo wote uko kwenye kutenda kwa ustadi. Nyingine: wachezaji wanaomtegemea mwalimu au kocha kwa kila uamuzi. Nyingine tena: hakuna watazamaji wanaofikiri wala viongozi wanaoujua mchezo.

Umeona? Kocha alikuwemo tangu siku ya kwanza. Hata mtazamaji na kiongozi wa chama walikuwemo. Hivyo hoja kwamba wazo hili ni la shule peke yake haisimami vizuri. Jina ndilo lililobana. Wazo lilikuwa pana tangu mwanzo.

Lakini tazama nani aliwekwa wa kwanza kwenye orodha ile: mtoto asiyefanikiwa. Yule anayechaguliwa mwisho wakati wa kugawana timu. Yule anayepelekwa golini kwa sababu hakuna mwingine anayetaka.

Hofu yangu iko hapo. Dunia ya ukocha ina haki ya kumtafuta mwenye kipaji, ndiyo kazi yake. Klabu inachuja, akademi inachuja, timu ya mkoa inachuja. Shule haina ruhusa ya kuchuja. Mwalimu mwenye wanafunzi hamsini na mpira mmoja anawajibika kwa wote hamsini. Kikundi kikihamisha uzito kuelekea ukocha ili kipate wanachama na umaarufu, ni rahisi sana maswali yakahamia kwa wale kumi na mmoja wanaopangwa, na wale thelathini na tisa wakasahaulika.

Na neno "kuelewa" je? Majina ya jumla yanayopendekezwa yanataja mchezo, ila hayasemi mchezo ni wa nini. Kuwaachia watoto mpira na kukaa kivulini na simu nako ni "kujengwa juu ya mchezo", kama mtu akitaka kujitetea. Neno "kuelewa" ndilo linalomnyima mwalimu mvivu maficho hayo.

Wengine walibadili, wakapata nini?

Hili si jambo geni. Marekani, chama kilichoanza 1885 na kuja kubeba jina refu la AAHPERD kilijigeuza SHAPE America miaka ya 2013 na 2014. Jina likawa fupi na la kutamkika. Ila burudani na dansi, vilivyokuwa kwenye jina la zamani, vikatoka. Jina jipya lilipunguza mzigo, likapunguza na watu waliotajwa.

Uingereza, National Coaching Foundation ikawa Sports Coach UK mwaka 2001, halafu UK Coaching mwaka 2017. Ukiyafuata majina hayo unaona safari: kutoka taasisi, kwenda kwa kocha, hadi kazi yenyewe ya kukochi.

Australia nayo ina funzo lake. Tume ya michezo ya taifa ilibadilishwa jina mwaka 2018 ikaitwa Sport Australia. Miaka minne tu baadaye ikarudi kwenye jina la zamani, Australian Sports Commission. Kumbe jina jipya si lazima liwe na mizizi. Watu wanaweza kukuzoea kwa jina la zamani na wakakuita hilohilo.

Kiswahili kinalionaje hili?

Sasa njoo huku kwetu, maana lugha yetu ina la kusema.

Tanzania, shabiki akizungumzia kocha wa timu yake anasema "mwalimu". "Mwalimu amekosea kumtoa mshambuliaji." "Mwalimu ana mpango." Hamaanishi mtu wa chaki. Kwa masikio yetu, anayekuonyesha mchezo ni mwalimu, awe shuleni au kwenye benchi la ufundi. Vivyo hivyo, Kiingereza kinatenganisha "games" na "sport", sisi vyote tunaviita michezo. Nusu ya ugomvi huu wa jina ukiuleta kwa Kiswahili unayeyuka wenyewe.

Na lile wazo la kuelewa? Tunalo. Mchezaji mwenye akili uwanjani tunasema "anasoma mchezo". Hatusemi ana miguu mizuri tu.

Watoto wa mtaani nao hawakusubiri makala ya 1982. Chandimu inachezwa na wachache, magoli ni mawe mawili, mpira ni wa makaratasi na nailoni, sheria zinakubaliwa palepale. Rede inamfundisha msichana kusoma mkono wa mrushaji, kukwepa na kuamua kwa sekunde moja. Hakuna koni, hakuna mstari. Halafu mtoto huyohuyo anaingia shuleni, anapangwa foleni asubiri zamu ya kugusa mpira.

Ila tusijisifu sana. Neno moja halijaleta mafunzo mamoja. Mwalimu wetu wa michezo anaandaliwa chuo cha ualimu, kocha anapita kozi za leseni za CAF. Mara nyingi ni mtu yuleyule: asubuhi yuko darasani, jioni anaandaa timu ya UMITASHUMTA au UMISSETA. Anavaa kofia mbili bila mtu kumwonyesha zinavyokaa pamoja. Na hapo ndipo mvutano wa kuchuja na kutochuja unapomkuta mtu mmoja, siku moja, kwenye uwanja mmoja.

Waliosoma shule ya msingi Tanzania miaka ya 2000 wanakumbuka somo la Haiba na Michezo. Jina zuri, nani anabisha? Lakini ni wangapi wanakumbuka kipindi hicho kikigeuzwa kuwa cha hesabu mtihani ulipokaribia? Jina halikukilinda.

Basi tufanyeje?

Msimamo wangu ni huu. Kikundi kikitaka kubadili jina, kibadili. Kocha akaribishwe kwa jina, maana alikuwepo tangu mwanzo. Ndugu wa Game Sense, Tactical Games na Play Practice nao wajione wako nyumbani. Ila mambo mawili yasiachwe mlangoni.

La kwanza ni neno "kuelewa", au lolote linalobeba maana hiyo. Bila hilo, jina litakuwa pana lakini tupu.

La pili ni mtoto wa thelathini na tisa. Kila mkutano, kila kozi, kila utafiti chini ya jina jipya uulizwe: hili linamsaidia nani asiyepangwa kwenye timu? Jibu likikosekana mara nyingi, tutajua kwamba kilichobadilika ni zaidi ya jina.

Wewe kwenye kipindi cha michezo ulikuwa nani: wa kwanza kuchaguliwa, au yule aliyepelekwa golini? Na aliyekufundisha mchezo, ulimwita kocha au mwalimu?