Mradi Ukiondoka, Takwimu Zinabaki na Nani?

Leo siongelei viwavijeshi wala mbolea. Naongelea jambo ambalo wengi mnaona ni la watu wa maofisini: ufuatiliaji na tathmini. Msimamo wangu ni huu: uwezo wa kupima usipokaa mikononi mwa mkulima mwenyewe, mradi unaweza kuja, ukatumia hela nyingi, ukaondoka, na sisi tukabaki tunabishana kama ulisaidia au la.

Sisi wa Babati sio wageni wa miradi. Tulikuwa na LAMP, mpango wa usimamizi wa ardhi uliofadhiliwa na Sweden. Kuanzia 2012 ikaja Africa RISING kwa fedha za USAID, upande wetu ikiongozwa na IITA, ikafanya kazi hapa Babati na pia Kongwa na Kiteto. Watafiti walipima mengi na kuandika mengi. Ni kazi nzuri, siibezi. Lakini uliza kijijini kwako: ni wakulima wangapi wana daftari lao wenyewe la miaka ile? Mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID. Mfadhili anaweza kuondoka kwa uamuzi uliofanyika mbali kabisa na Bonga, na wapimaji wake wakaondoka naye.

Tatizo la pili ni kile kinachopimwa. Unakuta ripoti inasema wakulima 200 wamepata mafunzo. Sawa, hiyo ni kazi iliyofanyika. Badiliko liko wapi? Wangapi walibadilisha nafasi za kupandia? Wangapi walipata faida? Kuhesabu waliosaini karatasi ya mahudhurio ni rahisi kuliko kumfuata mtu shambani msimu mzima, ndiyo maana wengi wanaishia hapo.

Mbaazi zilitufundisha hili. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwake, bei huku kwetu ikaporomoka. Mtu aliyepima magunia tu angeweza kuandika kwamba mkulima amefanikiwa, wakati mkulima huyo huyo hana hata hela ya kulipia palizi ya msimu unaofuata. Kama kipimo ni mavuno peke yake, umasikini unaweza kuandikwa kama mafanikio. Mkulima wa biashara anatakiwa kupima kinachobaki mfukoni.

Mtaniuliza, mbona serikali ina mfumo wake? Ni kweli. Sisi maafisa ugani tunajaza fomu za takwimu za kilimo, ARDS, zinatoka kijijini na kwenye kata, zinakwenda halmashauri na kuendelea juu. Ila fomu hiyo inakula kile unachoipa. Ukiniambia "nilipata kama gunia kumi hivi", na gunia lenyewe ni lumbesa, kadirio lako ndilo linalosafiri mpaka Dodoma na kupangiwa bajeti. Kwa hiyo hata mfumo wa taifa unaanzia kwenye daftari lako.

Wapo wanaosema mkulima hawezi kujitathmini, atajipendelea. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mtu akijua kuna ruzuku anaweza kupunguza mavuno, akijua kuna zawadi akayaongeza. Dawa yake ni kupimana. Kikundi kikipima shamba la kila mwanachama mbele ya wenzake, uongo unakosa mahali pa kujificha. Mashamba darasa yanafanya kazi hivyo: mnalinganisha vipande viwili kwa macho yenu, mnajadili, mnaamua. Mtaalamu wa nje bado anahitajika kuhakiki, lakini akute takwimu zenu zipo tayari.

Na sio kazi ngumu. Kabla ya kuvuna mahindi, chagua sehemu tatu bila kupendelea, pima kila moja mita 5 kwa 5. Vuna, pukuchua, kausha, pima kwa mizani, kisha tafuta wastani. Zidisha wastani huo kwa 162, utapata kilo za ekari moja. Mfano, ukipata kilo 9, ekari yako ina kama kilo 1,458, yaani magunia 14 na nusu ya kilo 100. Andika pia kila shilingi iliyotoka, ikiwemo vibarua na usafiri, na weka thamani ya siku zako mwenyewe. Fanya hivyo kuanzia msimu ule mradi haujaanza, maana usipojua ulipokuwa huwezi kusema umefika wapi.

Faida yake mtaiona haraka. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inatenga asilimia 4 kwa vijana. Kikundi chenye misimu mitatu ya kumbukumbu kinaenda kuomba kikiwa na hoja. Kisicho nazo kinaenda na matumaini.

Ombi langu kwenu: mradi ukija kwenye mkutano wa kijiji, msiulize posho kwanza. Ulizeni mambo matatu. Mtapima nini? Nani kati yetu atafundishwa kupima? Na takwimu zikishakusanywa, nakala itabandikwa lini kwenye ofisi ya kijiji? Wakikosa jibu la swali la pili, ombeni liingizwe kwenye mpango na kwenye bajeti kabla hamjakubali.

Hela ya mradi ina tarehe ya mwisho. Kijana anayejua kupima shamba lake anaendelea kupima hata bango la mradi likishaota kutu. Anza na daftari la mistari na mizani ya kikundi. Ukikwama kwenye hesabu, nitafute, tutapima pamoja.