Aliyechota Maji na Aliyeonja Divai



Hivi karibuni zilizunguka katika simu za wengi wenu picha za ndugu zetu waishio Italia, waliokwenda kutembelea shamba moja la mizabibu huko mashambani. Tuliwaona wamesimama mbele ya mapipa makubwa, kila mmoja ameshika glasi yenye divai kidogo mno. Maneno yaliyofuata yaligawanyika pande mbili. Wako waliosema kwamba Mkristo hana haja ya kufunga safari kwenda kutazama nyumba ya pombe. Wengine walisema kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa Ulaya, yasiyomhusu mtu wa Lumumba ambaye hana hakika kama usiku huu atalala kwa utulivu. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimepita kando ya jambo lenyewe. Katika ziara ya namna hiyo mna somo ambalo mkulima wa Ituri analihitaji kuliko mtalii yeyote, nalo lahusu bei ya mazao yake.

Kwanza tuseme mgeni huonyeshwa nini. Huanzia shambani, kwa kuwa huko ndiko divai inakoanzia: miti mifupi iliyofungwa kwenye waya, safu kwa safu, ambayo huanza kuzaa sawasawa katika mwaka wa tatu baada ya kupandwa. Kisha huingizwa mahali pa kukamulia, halafu penye mapipa ya kuchachushia. Hapo husimuliwa jinsi hamira inavyokula sukari ya zabibu na kuigeuza kuwa kileo, huku ikitoa hewa nzito ambayo hutulia chini. Zamani wazee wa Italia walishuka katika ghala la chini ya ardhi wakiwa na mshumaa mkononi, wameushika chini karibu na magoti. Mshumaa ukizimika, waligeuka wakakimbia, maana hewa iliyozima moto huo ingezima na pumzi zao. Baadaye mgeni hushuka katika ghala lenyewe, ambalo Waitalia huliita cantina, mahali penye giza na baridi isiyobadilika, ambapo divai hukaa miezi, hata miaka, bila mtu kuiharakisha.

Mwishoni huja meza ya kuonja, na hapo ndipo wengi wenu mngeshangaa. Mwonjaji wa kweli hainywi ile divai. Huinua glasi kwenye mwanga, akaitazama rangi, huitikisa, akainusa, huchukua kiasi kidogo kinywani, akakizungusha juu ya ulimi, kisha hutema katika ndoo iliyowekwa pale mezani kwa kazi hiyo. Mtu aonjaye divai kumi na mbili kabla ya saa sita mchana, akizimeza zote, hataweza kusema lolote lenye maana juu ya ile ya kumi na mbili. Basi ndugu zetu waliohofia ulevi wajue kwamba meza hiyo iko mbali sana na vile vifuko vya pombe kali viuzwavyo kando ya barabara zetu, ambavyo kijana huvimimina kooni upesi ili asisikie ladha yake.

Jambo la pili lastahili kukumbukwa. Mwaka 1986, zaidi ya watu 20 walikufa nchini Italia, na wengine wakapofuka, kwa kunywa divai ya bei rahisi ambayo wafanyabiashara waliichanganya na methanoli, yaani kileo chenye sumu, ili kuiongezea ukali. Nchi nzima iliona aibu, na wanunuzi wa nje wakakimbia. Wakulima waaminifu walijikuta wakilipia dhambi ya wengine. Mojawapo ya njia walizotumia kurudisha imani ya watu ilikuwa kufungua milango: tangu miaka ya 1990 kuna siku za mwezi Mei ambapo mamia ya ghala za divai hupokea wageni, ili kila atakaye aone zabibu zilikotoka na ni mikono ya nani iliyozikamua. Kwa hiyo ziara zile mlizoziona katika picha, pamoja na starehe yake yote, zilipata nguvu kwa sababu ya misiba. Watu walitaka kujua wanakunywa nini.

Si lazima twende hadi Italia. Mizabibu imo pia katika Afrika Mashariki, na iliyo maarufu zaidi iko Dodoma, katikati ya Tanzania, katika nchi ya Wagogo iliyo kavu na yenye mvua chache. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu katika misioni ya Bihawana. Haja yao yaeleweka kwa Mkatoliki yeyote: kanuni ya 924 ya sheria ya Kanisa yadai kwamba divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, tena isiwe imeharibika. Kutoka shamba la misioni mzabibu ulitoka nje, ukaingia katika mashamba ya wanakijiji. Leo kuna kituo cha serikali cha utafiti wa zabibu huko Makutupora, na kule Hombolo Waitalia walijenga kiwanda cha divai, ambayo Watanzania huiita mvinyo. Tena nchi ile ina fadhila ambayo Italia haina. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, na mkulima akipogoa kwa wakati wake huweza kuvuna mara mbili.

Hata hivyo wakulima wa Dodoma wamepitia misimu ambayo zabibu zilikosa mnunuzi zikaoza. Sababu ni rahisi kuifahamu. Zabibu ikishakatwa haimsubiri mtu. Katika siku moja au mbili yapasa iwe imekamuliwa. Mwenye pipa aweza kungoja, mwenye zabibu hawezi. Basi mwenye pipa ndiye apangaye bei, na mkulima hukubali, kwa maana njia nyingine ni kumwaga.

Katika milima ya Trentino, kaskazini mwa Italia, jambo kama hilo lilimsumbua padri mmoja wa kijijini, Don Lorenzo Guetti, aliyeona waumini wake wakihamia Amerika kwa umaskini. Mwaka 1890 aliwasaidia kuanzisha ushirika wao wa kwanza wa kununua mahitaji, na miaka miwili baadaye benki ndogo ya kijiji. Katika nchi ileile wakulima wa zabibu walijenga ghala za ushirika, ambamo pipa ni la wote na hesabu hufanywa mbele ya wote. Nyingi zingali zinafanya kazi hadi leo. Twapenda kuwakumbusha wale wasemao kwamba mapadri wajishughulishe na sakristia tu.

Sasa tufungue Injili ya Yohana, sura ya pili, kwenye arusi ya Kana. Sote twaikumbuka mitungi sita ya mawe. Lakini tumewahi kumtazama vizuri yule mkuu wa meza? Yeye alionja, akatambua mara moja kwamba divai ile ni bora, ila hakujua imetoka wapi. Watumishi ndio waliojua, kwa kuwa wao ndio waliochota maji. Mwinjili hakutuambia kama watumishi wale walipewa nao kikombe. Twatumaini walipewa. Lakini tukitazama mazao ya kwetu, twaona watu wengi sana waliochota maji ambao hawajapata kuonja divai.

Ni nani kati yenu ana mjomba mwenye shamba la kakao huko Mambasa au Irumu? Mwulizeni kama amewahi kula chokoleti iliyotoka kwenye kakao yake. Ni nani ana babu mwenye mibuni katika vilima vya Djugu au Mahagi? Mwulizeni kahawa yake ina ladha gani. Wengi watawajibu kwa kicheko. Nyumbani twanywa chai. Kahawa ni ya kuuza, nayo huenda Uganda, mara nyingi kwa njia zisizoandikwa popote, na huko hupata jina jingine.

Yule anunuaye mwisho wa safari, huko mbali, hufanya vilevile kama mwonjaji wa divai. Hukaanga punje chache, huzisaga, hunusa, huonja, hutema, kisha hutaja bei. Punje zilizokaushwa juu ya moto humwambia habari za moshi. Zile zilizoanikwa chini kwenye udongo humwambia habari za udongo. Matunda yaliyolala usiku mzima ndani ya gunia kabla ya kumenywa huleta uchachu usiopendeza. Kwa dakika chache ajua kazi yote iliyofanywa shambani kwetu, nzuri na mbaya. Bei ikishuka, mkulima huambiwa kwamba soko ni baya. Huenda ni kweli. Huenda ameibiwa. Huenda pia kosa liko katika mkeka wake wa kuanikia. Asiyeonja hana njia ya kupambanua hayo matatu, na kwa sababu hiyo hawezi kubishana wala kujirekebisha. Hulalamika tu, na malalamiko hayajapandisha bei ya gunia hata moja.

Huko Minova, kando ya Ziwa Kivu, wakulima waliokuwa wakivusha kahawa yao usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda walijua gharama ya njia hiyo, kwa maana wengi walizama na kuacha wajane. Mwaka 2003 ulianzishwa kwao ushirika uitwao SOPACDI. Walijifunza kumenya matunda pamoja, kuosha, kuanika juu ya meza, na kuonja. Kahawa yao ikaanza kuuzwa Ulaya na Marekani kwa jina lake. Vilevile huko Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori, kuna kiwanda kidogo kinachotengeneza chokoleti kwa kakao ya hapo. Minova na Mutwanga zimeonja vita kama sisi. Hatuzitaji ili kuwaaibisha watu wa Ituri. Twazitaja kwa sababu si Ulaya.

Twajua pingamizi lililo kubwa kuliko yote, na hatutaki kulipita upesi. Tangu mwisho wa mwaka 2017 jamaa nyingi za Djugu zimeyakimbia mashamba yao, na wengi wao tunasali nao hapa Bunia kila Dominika. Mbuni huhitaji miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na mtu asiyejua kama atakuwepo mwezi ujao hapandi kitu cha miaka minne, hupanda maharage. Ulimi unaojua kahawa nzuri haumzuii mwenye bunduki. Hayo twayakubali. Lakini twaona pia kwamba aliyekimbia ndiye auzaye kwa bei yoyote aliyotajiwa, na kwamba wako wanaotajirika kwa mkimbizi asiyejua thamani ya mfuko alioubeba kichwani. Siku jamaa hizo zitakaporudi, na baadhi zimekwisha kurudi, mnunuzi atakuwa anawangoja barabarani na mizani yake. Heri akute nao kijana aliyewahi kuonja.

Kwa hiyo, badala ya kuwaonea wivu wale wa picha, twaomba kila kikundi kifanye ziara yake. Tafuteni mwenye kahawa: wazee wa Mahagi waishio hapa mjini hawakosi jamaa aliye na gunia. Nunueni kilo moja iliyokaushwa juu ya mkeka, na nyingine iliyokaushwa chini. Kaangeni kila moja peke yake, kwa moto wa kadiri, hadi iwe kahawia, wala si nyeusi, kwa sababu kahawa iliyoungua yote ladha yake ni moja. Sageni. Tieni katika kila kikombe kijiko kimoja kikubwa na maji yaliyotoka kuchemka, mngoje dakika nne, kisha vunjeni kwa kijiko utando ulio juu huku mmeinamisha pua.

Msitie sukari. Chukueni kidogo kwa kijiko na kukivuta kwa nguvu, ili kienee kinywani mwote. Mama zetu walitukataza kupiga kelele mezani, lakini kwa kazi hii watatusamehe. Wekeni na ndoo ya kutemea. Kila mmoja aandike alichokisikia kabla ya kusikia maoni ya mwenzake: moshi, asali, udongo, ndimu, chochote. Kisha mwiteni aliyeileta kahawa, mumpe kikombe cha kwanza yeye, na mumwulize aliuza kilo kwa bei gani.